Mbwa wa Azimio

Klabu ya mpira ya watoto wa Igowole niliianzisha mimi. Mkiulizwa semeni hivyo: Evarista, aliyeishia darasa la nne, ndiye mama wa mpira wa Mufindi nzima. Sasa ngoja nimeze mate. Aliyeianzisha ni Mwalimu Joachim, na mdogo wangu Ambrosi ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mimi nilichofanya ni kukubali ng'ombe wangu ahamishwe pale palipofaa kuwa uwanja. Na ng'ombe mwenyewe alikuwa wa jirani, mimi nilikuwa namkamua tu.

Ilikuwa mwaka ule TANU na Afro-Shirazi zilipoungana zikawa CCM. Kabla ya hapo, kila Jumamosi watoto wote waliingia uwanjani kwa pamoja, wenye ndevu na wenye meno ya maziwa, wakigombea mpira mmoja. Wadogo walirudi nyumbani na alama za nyayo mgongoni. Mwalimu Joachim akasema tuwagawe kwa umri. Neno zuri. Lakini umri huo unautoa wapi? Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa mambo ya watu wa mjini. Ukimuuliza mama mtoto wake ana miaka mingapi, anakuambia alizaliwa wakati wa palizi. Palizi ya mwaka gani? Ile ya mvua nyingi, mwenzangu, umesahau?

Hapo Ambrosi akatoa akili, na akili ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima.

"Tarehe hatuzijui," alisema kikaoni, "lakini nchi tunaijua. Kila mama anakumbuka alikuwa wapi redio iliposema jambo kubwa."

Basi tukawagawa kwa nchi. Waliozaliwa baada ya Azimio la Arusha wakawa timu ya Azimio. Hao ndio wadogo kabisa. Waliotangulia Azimio lakini wakaja baada ya Muungano wakawa Muungano. Waliotangulia Muungano lakini wakaja baada ya Uhuru wakawa Uhuru. Na waliozaliwa kabla ya Uhuru, wale wenye sauti nzito, tukawaita Wakoloni. Wakoloni hawakupata zamu ya mpira mpaka wafyeke nyasi na kumwaga majivu ya kuchorea mistari. Haki yao. Wametutawala vya kutosha.

Azimio walicheza Jumamosi asubuhi, nusu uwanja, kwa mpira wa matambara, na nusu iliyobaki tulikaa akina mama na sufuria la uji. Muungano walikuwa na Jumatano baada ya shule, na mpira wa ngozi aliotupa Padre. Uhuru walikimbia kwanza mpaka kwenye mashamba ya chai na kurudi ndipo waguse mpira, ili wachoke wasiumizane. Ilikwenda vizuri. Halafu tukaenda kucheza Nyololo, pale barabarani, tukaanza kubishana nao kuhusu mtoto wao mmoja aliyekuwa na kidevu chenye ndevu kama cha mjomba, tukarudi tumechaniana mashati. Ambrosi akatunga sheria. Mtoto akitiliwa shaka, mama yake na mwanamke aliyempokea siku ya kuzaliwa watasimama kwenye duara la katikati mbele ya watu wote, waseme: kabla, au baada.

Watu walimpigia makofi. Lakini sheria ni kama mtego wa panya: unautega mwenyewe, ukisahau, unautia kidole mwenyewe.

Maana Ambrosi alikuwa na mtoto, Edmund, kwenye timu ya Azimio. Na Edmund, Mungu ambariki, alikuwa mrefu kuliko goli letu.

Niwaambie ukweli wote sasa hivi ili msihangaike. Edmund alizaliwa kabla ya Azimio. Najua kwa sababu nilimpokea kwa mikono hii, kule Usokami tulikokuwa tunaishi zamani. Azimio lilipotangazwa, Edmund alikuwa ameshaota meno mawili na ameshaning'ata. Wazazi wake walifunga ndoa baada ya mavuno ya mwaka ule. Edmund alihudhuria harusi akiwa mgongoni mwangu, na alilia wakati wa kiapo, kana kwamba anasema mmechelewa.

Halafu parokia ikamleta Ambrosi Igowole kuwa katekista. Nami, mume wangu alipofariki, nikawafuata. Huku hapakuwa na mtu aliyetujua. Ambrosi akaanza kuwaambia vijana wa mafundisho: "Mimi na Juliana tulifunga ndoa mwaka wa Azimio, na mtoto akaja baadaye, kwa utaratibu." Kwa utaratibu! Na kwa utaratibu huo huo akamzuia Helena, binti wa jirani, asivae shela siku ya ndoa yake kwa sababu tumbo lilikuwa limeshaonekana. Helena aliolewa na kitambaa cha kichwa kama anakwenda kuchota maji. Mama yake hajasahau mpaka leo, na ana mdomo unaofika Makambako bila nauli.

Ndiyo maana Edmund alilazimika kuwa wa Azimio. Ungempeleka Muungano, ungekuwa umempeleka Juliana jukwaani.

Sasa huko Nyololo, siku ile ya mashati, alikuwepo mzee mmoja Msukuma, Masunga, aliyehamia na ng'ombe zake tambarare za Usangu, upande wa Madibira. Alikuwa amepita na lori la mpunga, akasimama kuangalia watoto. Alimwangalia Edmund muda mrefu. Juma lililofuata dereva wa lori akatuletea salamu zake: watoto wa Madibira watakuja Jumamosi kucheza na Azimio wa Igowole. Tena mzee Masunga amesikia sheria yetu mpya, na anaomba, kwa heshima, mama wa yule mkubwa wenu asimamishwe duarani.

Juliana alikuja kwangu akiwa ameshika mwiko. Alitoka nao nyumbani bila kujua.

"Wifi," alisema, "umesikia?"

"Nimesikia. Kaa."

"Nikikaa sitainuka. Wifi, Padre atakuwepo. Ameahidi kuja kuona mpira wake. Nitasimama mbele ya Padre niseme nini?"

"Sema unaumwa."

"Na Jumamosi nyingine?"

"Umwe tena."

Hakucheka. Juliana hakuwa mtu wa kukosa kucheka, na hapo ndipo na mimi nilipoanza kuogopa. Aliniambia kwamba akisema kweli, mama Helena atamwimbia kisimani mpaka meno yamtoke. Akisema uongo mbele ya Padre, hatapokea komunyo tena kwa amani maisha yake yote. Halafu akanitazama.

"Na wewe, wifi, ndiye uliyempokea. Utasimama pembeni yangu."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Kweli tena. Viazi vyangu viliungua hapo hapo nikiwa navitazama.

Nikaenda kwa Ambrosi. Nilimkuta anapanga kabumbu: amechora uwanja chini kwa kijiti, na amewaweka Azimio kwa punje za mahindi. Punje moja ilikuwa kubwa. Nikajua ni Edmund.

"Kamwene, mwenyekiti," nikamsalimu.

"Kamwene, dada. Najua umekuja kwa nini. Utasema 'baada'. Neno moja tu."

"Mbele ya Padre."

"Padre haulizi kitu, anaangalia mpira."

"Na wewe ni katekista."

"Ndiyo maana," alisema, na kweli sauti ilimtetemeka. "Dada, mimi nimemnyima yule binti shela. Unafikiri nalala? Wakijua, nitafundisha nani? Nitamwambia nani kitu?"

"Mpeleke Edmund Muungano. Sema amekomaa."

"Kwa nchi, dada! Tumewagawa kwa nchi, hatukuwagawa kwa kukomaa. Nikimpeleka, nimesema amezaliwa kabla."

Nilimwangalia mdogo wangu nikaona jasho kwenye baridi ile ya mwezi wa saba, wakati ukungu wa Igowole unaingia hadi ndani ya chungu. Nilimhurumia. Lakini nilimhurumia zaidi Juliana, ambaye hakutunga sheria wala hakumnyima mtu shela.

Nikiwa narudi nikamkuta Edmund amekaa juu ya gogo, magoti yamefika masikioni. Wenzake wa Azimio walikuwa wanamwita Babu. Walipomaliza mazoezi walimpa kofia zao awashikie, kama mti.

"Shangazi," aliniuliza, "mimi naumwa?"

"Unaumwa wapi?"

"Sijui. Mwalimu kasema mtoto wa miaka tisa hawi hivi. Kasema kwa utani. Lakini nimejipima na Crispin wa Muungano, ana miaka kumi na moja, nimempita. Labda ni ugonjwa. Labda nitaendelea tu kurefuka mpaka..." Akaishia hapo. Alikuwa ameshafikiria ni mpaka wapi, na hakutaka kunitisha.

Nikamwambia ni viazi vyangu vinavyomrefusha. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Juma lile nilitia chumvi kwenye uji na sukari kwenye maharage. Nilimtafuta mtu wa kunisaidia kufikiri, sikumpata isipokuwa ng'ombe wa jirani, naye alikuwa na mambo yake. Jambo lilikuwa moja tu: Juliana asisimame. Asisimame kabisa. Lakini mtu gani mwingine angeweza kuzungumzia siku hizo? Nani anapenda kuzungumzia siku hizo?

Ndipo nikakumbuka matembezi.

Mdogo wangu Ambrosi ana hadithi moja. Mwaka ule wa Azimio, miezi michache tu baada ya kutangazwa, vijana walitembea kwa miguu nchi nzima kuliunga mkono, naye alitoka Usokami mpaka Iringa mjini akiwa amevaa katambuga, vile viatu vya tairi, na akarudi nazo mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Hadithi hiyo ameisimulia ubatizoni, msibani, na siku moja kwa mtu aliyekuja kuuliza njia. Mwisho wake ni pale anapofika nyumbani, vumbi limemjaa, ndevu zimeota, na yule aliyekuwa mlangoni hakumtambua, akamkimbia. Kule Usokami aliyemkimbia alikuwa mtoto. Tulipohamia Igowole akawa mbwa. Nilisikia siku ile mbwa alipoingia kwenye hadithi, mara ya kwanza, nikakohoa uji.

Jumamosi ikafika. Lori la Madibira lilipanda kwenye ukungu likiunguruma, watoto wamejibanza nyuma wakitetemeka, maana kwao ni joto. Mzee Masunga alishuka amejifunga blanketi mbili, na kofia juu ya kofia.

"Nyie watu mnaishi ndani ya birika la maziwa," alisema. "Sioni hata goli."

"Goli liko pale, mzee wangu," nikamwambia. "Utaliona likishaingiwa."

"Hilo ndilo goli? Mimi nilifikiri ni yule mtoto wenu."

Watu wakacheka, Ambrosi naye akacheka kwa meno tu. Mwana wa Masunga, Nkuba, alikuwa kijana mfupi, mwepesi. Alikwenda moja kwa moja kwa Edmund wakapimana mabega, na Nkuba akafika kifuani. Edmund akainama kidogo ili mwenzake asione vibaya. Niliona.

Padre alikuwa amekaa kwenye benchi. Mama Helena alikuwa amekaa chini karibu na benchi, amevaa kanga mpya. Mwalimu Joachim akapuliza filimbi, akatangaza kwamba kabla ya mchezo kuna shauri. Mama wa Edmund na aliyempokea waingie duarani.

Juliana alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kama samaki. Midomo yake ilikuwa inatembea; sijui alikuwa anasali au anajaribisha lile neno moja. Alichukua hatua ya kwanza kwenye nyasi zenye umande. Mama Helena akajiinua kidogo ili asikie vizuri.

"Ngojeni kwanza," nikasema.

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Wote wakageuka.

"Ndugu Mwenyekiti, hawa wageni wametoka mbali kwenye baridi hii kuja kucheza na timu ya Azimio. Lakini hawajui kwa nini sisi watu wa Igowole tunalipenda Azimio. Mama atasimama, hakimbii. Lakini si waambiwe kwanza, na mtu aliyetembea kwa miguu yake kuliunga mkono?"

"Dada, sasa hivi si wakati..." alianza Ambrosi.

"Alitembea?" akauliza Masunga. "Hata mimi nilitembea! Nilitoka kwetu Shinyanga, ng'ombe nikamwachia mdogo wangu, akapoteza wawili. Wewe ulitoka wapi?"

"Usokami," Ambrosi akasema. Hakuweza kujizuia. Ningeweza kula kiapo kwamba hataweza. "Mpaka Iringa mjini."

"Kwa viatu?"

"Kwa katambuga!"

"Haya, mpe mtu hadithi yake," akasema Masunga, akakaza blanketi.

Ambrosi alitupia jicho kwa Juliana aliyesimama ukingoni mwa duara, akaona, nadhani, kwamba kila dakika anayosema yeye ni dakika ambayo mkewe hasemi. Akaingia mwenyewe duarani. Akaanza. Aliwapandisha vilima, akawalaza kwenye shule yenye kunguni, akawavusha mto kwa kamba. Padre alikuwa ameegemea mbele. Watoto wa Madibira walisahau kutetemeka. Mdogo wangu ana kipaji, hilo nalisema bila wivu, na akishapata moto macho yake hayaoni tena watu walio mbele yake, yanaona kule.

"Nikafika nyumbani jioni," alisema, "miguu hii imekuwa kama mihogo. Vumbi mpaka kwenye kope. Na mbwa wangu mwenyewe, mbwa niliyemlisha kwa mkono huu, hakunijua!"

"Alikubwekea?" akauliza Masunga. Yeye ni mtu wa mifugo. Mambo ya mbwa anayafuatilia.

"Hakubweka. Alinitazama."

"Juliana alikuwa wapi?" nikauliza, kwa upole kabisa.

"Amekaa mlangoni, anamenya viazi. Namwona mpaka leo. Ana kitenge cha bluu."

"Na mbwa?"

"Pembeni yake, ameshikilia kigoda."

"Ameshikilia?" akasema Masunga.

"Ameshikilia kwa mikono miwili," alisema Ambrosi, na uso wake ulikuwa umelainika, nilimwona yule kijana wa Usokami niliyemlea. "Maana ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Nikamwambia njoo, ni mimi. Akanitazama hivi. Halafu akalia, akaanguka, akatambaa akajificha kwenye kitenge cha mama yake..."

Akakatisha hapo.

Nilisikia uji ukichemka. Juliana alikuwa ameweka mikono miwili mdomoni. Mama Helena alikuwa ameshainuka kabisa sasa. Padre alikuwa anaangalia viatu vyake kwa makini.

"Ndugu Mwenyekiti," Masunga alisema polepole, "mimi nimefuga mbwa tangu utotoni. Hawa mbwa wa Usokami husimama wakiwa na umri gani?"

Edmund alikuwa ametoka kwenye mstari wa wenzake, amekuja mpaka kwenye majivu ya duara, shingo ameinyoosha yote. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Baba," alisema, "yule mbwa ni mimi? Kwa hiyo siumwi?"

Mdogo wangu alimtazama mwanaye, akamtazama mkewe, akamtazama Padre.

"Mbwa naye alikuwepo," akasema, kwa sauti ndogo.